Mwalimu, Usifute Kwanza

Chang'ombe kuna kiwanda cha kioo. Kwa miongo kadhaa tanuri za Kioo Limited zimekuwa zikiyeyusha mchanga na kutoa chupa za soda na bia, na ni vigumu kumpata mtoto wa Temeke ambaye hajawahi kushika mojawapo. Lakini mtoto huyohuyo akiingia darasani katika shule nyingi za msingi za wilaya yake, dirishani hakuti kioo. Anakuta nondo. Anakuta wavu wa waya uliotoboka pembeni, au matofali ya matundu yaliyopangwa ili upepo upite, au uwazi mtupu unaokaribisha mvua ya masika mpaka dawati la pili.

Hilo ni jambo dogo hadi mwalimu wa awali anapokutana na kalamu za kuandikia dirishani, zile ambazo rangi yake hutoka kwa kitambaa chenye maji. Katika shule zenye madirisha mapana ya kioo, watoto hufuatisha herufi kwa kalamu hizo. Wawili husimama, mmoja ndani na mmoja nje, kila mmoja akachora uso wa mwenzake. Majina ya siku za juma huandikwa pale jua linapopitia, na rangi zikaanguka sakafuni. Kipindi kikiisha, mtu anapita na ndoo na kitambaa, dirisha linarudi kuwa dirisha.

Wazo lenyewe si geni Temeke. Kabla ya kalamu hizo kutengenezwa popote duniani, watoto wa upande huu wa Dar es Salaam walikuwa wakijifunza kusoma juu ya kitu kinachoandikwa, kikafutwa, kikaandikwa tena. Kila zama ilileta uso wake wa kuandikia: mbao, jiwe, mchanga, saruji iliyopakwa weusi, mfuko wa salfeti. Na kila uso ulileta desturi yake kuhusu nani mwenye haki ya kufuta, na kwa wakati gani.

Uso wa kwanza ulikuwa ubao wa chuo. Katika Kiswahili cha pwani, chuo kilikuwa mahali pa kusomea Qur'ani muda mrefu kabla ya neno hilo kuhamia kwenye vyuo vikuu, na katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu chenyewe. Eneo ambalo leo ni Temeke lilikuwa sehemu ya Uzaramo, nchi ya minazi, mikorosho na mihogo nyuma ya bandari. Uislamu ulipokuwa ukisambaa kutoka miji ya pwani kwenda vijiji vya bara, chuo kilikwenda nao. Hakikuhitaji jengo. Baraza ya nyumba ya mwalimu ilitosha, na mkeka, na watoto waliokaa nusu duara, kila mmoja na kipande chake cha mbao kilicholainishwa.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliyaandika maisha ya namna hiyo katika maelezo yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Kitabu hicho kinamfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, na chuoni ni mojawapo ya vituo vya njia hiyo. Mtoto anapelekwa kwa mwalimu, anaanzishwa herufi, anazipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka anahitimu, na wazazi wana wajibu wao kwa mwalimu katika kila hatua.

Wino wa ubao ulikuwa fundisho la sayansi ambalo hakuna aliyeliita hivyo. Masizi yalikwanguliwa kwenye chungu, yakachanganywa na maji na gundi ya mti. Kalamu ilichongwa kutoka kwenye mwanzi au utete. Masizi ni kaboni, na kaboni haiyeyuki katika maji. Kilichoyashika masizi kwenye mbao ni gundi, na gundi ya mti huyeyuka. Ubao ukimwagiwa maji, gundi inaachia na weusi unaondoka nayo. Kalamu za kisasa za dirishani hufuata kanuni hiyohiyo: rangi iliyobebwa na kitu kinachokubali maji, juu ya uso usioinywa. Watengenezaji wa Marekani walifika hapo kwa njia ndefu. Kampuni ya Binney & Smith, mama wa Crayola, ilitoa chaki isiyotoa vumbi mwaka 1902, ikaingia kwenye kalamu za nta mwaka 1903, na kalamu zake za rangi za kuoshwa zilitoka mwaka 1987. Fundi wa wino wa chuo alikuwa na masizi ya jiko lake.

Ubao wa chuo ulikuwa na sheria moja kubwa. Haukuoshwa mpaka mtoto awe amehifadhi kilichoandikwa. Aliyechelewa kuhifadhi alirudi kesho na ubao uleule, na wenzake walioketi kando yake wakiona herufi zilezile zilizoanza kufifia kwa jasho la viganja. Siku anaposoma bila kukwama, mwalimu anaruhusu maji. Kwa hiyo kuosha kulikuwa ushindi. Mtoto anayekwenda kuosha ubao wake alikuwa ametoka kufaulu mtihani. Hata maji yenyewe yalikuwa na heshima yake, kwa sababu yamebeba maneno matukufu, na hayakumwagwa njiani yakakanyagwa. Jamaa wa desturi hiyo ni kombe, ambapo aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikasuuzwa, na mgonjwa akanywa yale maji. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye mazingira hayo hakuona andiko linalofutika kuwa andiko lililopotea. Lilikuwa limehamia mahali pengine, kifuani au tumboni.

Kisha likaja jiwe.

Wajerumani waliifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na mapema katika mwongo huo walianza shule za serikali pwani, ile ya Tanga ikiwa maarufu kuliko zote. Walihitaji makarani, wakalimani na maakida wanaojua kusoma na kuandika, na waliwahitaji haraka. Wamisionari wa Berlin nao walikuwa wamefika Kisarawe na Maneromango, nyuma tu ya eneo hili. Katika shule hizo mtoto alipewa sleti, kibao chembamba cha jiwe jeusi chenye fremu ya mbao, na kalamu iliyochongwa kutoka kwenye jiwe laini la jamii hiyohiyo. Ujerumani ilikuwa na machimbo makubwa ya jiwe hilo huko Thuringia. Baadaye, chini ya Waingereza, jiwe la Wales nalo lilitumika katika shule za dola yao.

Mabadiliko hayakuwa ya kibao peke yake. Kiswahili kilichokuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, sasa kiliandikwa kwa herufi za Kilatini kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto aliyepitia chuoni kabla ya kwenda shule alilazimika kuufundisha mkono wake upya upande wa kuanzia. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kusawazisha tahajia na vitabu vya shule. Herufi zilizochorwa kwenye sleti za Uzaramo na zile za pwani ya Kenya zikawa na sura moja.

Sleti haikuhitaji maji ya kisima. Mate na kiganja vilitosha, na walimu wa zama zote, Ulaya na Afrika, walipiga vita mazoea hayo bila mafanikio makubwa. Lakini tofauti iliyokuwa na uzito zaidi ilikuwa ya muda. Chuoni andiko lilikaa siku kadhaa hadi liingie moyoni. Shuleni lilikaa dakika chache. Mwalimu anatamka neno, watoto wanaandika, wanainua sleti juu, anatupa jicho mstari kwa mstari, kisha wote wanafuta na neno lingine linatamkwa. Kufuta, ambako chuoni kulikuwa cheti, kukawa shughuli ya kila robo saa. Na mtoto aliporudi nyumbani jioni hakuwa na cha kumwonyesha mzazi, kwa sababu kazi ya siku nzima ilikwishafutwa kwenye jiwe.

Temeke yenyewe kama mtaa wa mjini ni ya baada ya hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilipima viwanja na kujenga nyumba za Waafrika pembezoni mwa mji, Temeke ikiwa mojawapo pamoja na Ilala na Magomeni. Watu wa bandarini, wa viwandani na wa reli walihamia, na pembeni mwao zikaota nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita, ukumbi katikati na baraza mbele. Kwenye baraza hizo chuo kiliendelea asubuhi na jioni, kikigawana watoto na shule. Mtoto mmoja aliweza kushika nyuso mbili za kuandikia kwa siku moja.

Baada ya uhuru, Temeke ilipata kitu kingine: chuo cha walimu. Chuo cha Ualimu Chang'ombe kilianza miaka ya 1960, na mwaka 2005 mahali hapohapo pakawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vizazi vya walimu wa sekondari vimejifunza pale namna ya kusimama mbele ya ubao: kuugawa sehemu, kuandika tarehe na somo juu, kutolipa darasa mgongo kwa muda mrefu, kutofuta mpaka wanafunzi wamalize kunukuu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Ubao mweusi wa ukutani ulikuwa umeenea Ulaya na Marekani tangu karne ya 19, na sifa yake ni rahisi kueleza. Sleti moja hutumiwa na mtoto mmoja. Ubao mmoja hutumiwa na darasa zima. Kwa nchi iliyotaka kumsomesha kila mtu kwa mkupuo, hakukuwa na chombo cha bei nafuu zaidi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama wa nyumbani, mpagazi na mvuvi wakakaa mbele ya ubao uliotundikwa kwenye mwembe au kuegemezwa ukutani. Mwaka 1974 mkutano wa chama tawala mjini Musoma uliamua elimu ya msingi iwe kwa watoto wote, na kufikia 1977 mpango huo, uliojulikana kama UPE, ukaanza kutekelezwa. Wanafunzi wa shule za msingi nchini hawakufika laki tano wakati wa uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya milioni tatu.

Karatasi haikuongezeka kwa kasi hiyo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliingia kwenye uhaba wa karibu kila kitu, na daftari likawa bidhaa ya kutafutwa kama sabuni. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985 tu. Katika miaka hiyo kitabu cha kiada mara nyingi kilikuwa kimoja, mikononi mwa mwalimu, na ubao ukawa mashine ya uchapaji. Mwalimu alinukuu ukurasa wa kitabu ubaoni, wanafunzi wakaunukuu kwenye madaftari, mwalimu akafuta na kuandika ukurasa unaofuata. Mwandishi wa polepole alikuwa hatarini. Kilio cha darasa la Kitanzania, kilichosikika kutoka Tandika hadi Mbagala, kilizaliwa na uchumi huo: "Mwalimu, usifute kwanza!"

Ubao wenyewe ulihitaji kutunzwa. Saruji iliyopigwa lipu laini ilipakwa rangi maalumu ya ubao pale ilipopatikana. Isipopatikana, shule nyingi za Tanzania zilitumia maarifa ya mitaani: betri kuukuu za redio zilipasuliwa, unga mweusi wa ndani ukatwangwa na kuchanganywa na majani mabichi, ya viazi vitamu kwa mfano, kisha wanafunzi wakausugua ubao mpaka ung'ae weusi. Betri zenyewe hazikutoka mbali. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilikuwa ikitengeneza betri za National jijini Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, kandokando ya Barabara ya Pugu ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Redio ilipokwisha kutangaza mpira na taarifa ya habari, kilichobaki ndani ya betri kiliingia shuleni. Unga huo ni manganizi na kaboni, na viganja vya watoto vilivyousugua havikuwa na glavu.

Kilichoandika juu ya weusi huo kilikuwa jasi. Chaki ya shule, licha ya jina lake, kwa kawaida si chokaa ya miamba myeupe ya Uingereza. Ni jasi iliyochomwa, ikasagwa, ikakorogwa na maji na kumiminwa kwenye kalibu. Tanzania ina jasi, ikiwemo ya Makanya wilayani Same na ya Kilwa, ingawa kwa muda mrefu boksi la chaki lilikuwa likitoka nje. Katika mwongo uliopita, vijana wa Maswa mkoani Simiyu walianza kutengeneza chaki zao wakisaidiwa na halmashauri ya wilaya, na jina la Maswa likaonekana kwenye maboksi ya madarasani.

Chini ya ubao huo, kwa watoto wadogo, kulikuwa na uso wa kale usiouzwa dukani. Mbagala na vitongoji vyake vimekaa juu ya mchanga. Kidole kinatosha kuwa kalamu, na kiganja kinatosha kuwa dasta. Mwalimu wa vidudu, kama shule za chekechea zilivyoitwa na wengi mitaani, aliwatoa watoto nje, akawapanga chini ya kivuli na kuwachorea herufi a, kubwa kama sinia. Mchanga haumwaibishi mtoto. Akikosea, kosa linaondoka kabla mwenzake hajaliona. Walimu wa awali wanaothamini kalamu za dirishani huzisifu kwa sababu hiyohiyo: mtoto anayeogopa kuharibu karatasi haogopi kuharibu kitu kinachofutika.

Elimu ya awali ilikuwa ya jumuiya, ya makanisa, misikiti na watu binafsi, hadi Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilipoitambua rasmi, na sera ya 2014 ilipoufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Mfano ulioonyesha namna ya kuendesha darasa la wadogo kwa vitu vya mtaani ulikuwa umeanzia kaskazini zaidi kwenye pwani hii. Mombasa, katika miaka ya 1980, mwalimu Bi Swafiya Said alifanya kazi na Wakfu wa Aga Khan kuanzisha madarasa ya awali yaliyoketi ndani ya madrasa, yakichanganya mafunzo ya dini na michezo ya kujifunzia. Mpango huo wa Madrasa ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Vifuu vya nazi, mbegu, vitambaa, maboksi na kamba vilipangwa kwenye kona za darasa, mtoto akachagua kona yake. Mahali pale pale ambapo babu yake aliosha ubao, mtoto alikuwa akijenga duka kwa maboksi ya dawa ya meno.

Temeke nayo ilikuwa na maboksi yake. Vizibo vya soda, kutoka kwenye chupa zilezile za Chang'ombe, vikawa vya kuhesabia: kumi kwenye kamba, kamba kumi zikafanya mia. Na mfuko wa salfeti ukawa karatasi. Mfuko huo mweupe uliobeba mbolea, mchele au unga hupasuliwa pembeni, ukafuliwa, ukatandazwa na kuandikwa kwa maka peni: ba be bi bo bu, sehemu za mwili, ramani ya Tanzania. Hauchaniki, hauloani, na ukikunjwa unaingia mkobani. Katika shule nyingi za msingi nchini, chati za mifuko hiyo ndizo zinazoning'inia pale ambapo shule nyingine zingebandika picha za kununua.

Chati na mchoro wa ukutani vina tabia ambayo ubao hauna. Havifutiki. Jiji la Dar es Salaam lina historia ndefu ya rangi za mafuta zisizoondoka: Edward Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianzia upande wa Msasani kwa rangi za kung'aa za dukani juu ya vipande vya hadibodi, na wachoraji wa mabango wa kila mtaa wameendelea kupaka saluni, magenge na kuta za shule. Ukuta uliopakwa silabi hupendeza, mzazi akipita anajua kuwa shule ina juhudi. Ila mwalimu wa darasa la kwanza anaijua kasoro yake. Baada ya miezi miwili mtoto hasomi tena ukuta, ameukariri. Ukimwonyesha "bu" iliyo mwisho wa mstari ataitaja upesi, ukiiandika peke yake ubaoni anakutazama kama hajawahi kuiona. Andiko lisilofutika limegeuka picha. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015, uliojikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, ulidai mtoto azitenganishe sauti na kuziunganisha upya, na kazi hiyo inataka uso unaobadilika kila dakika.

Wakati huohuo idadi ilikuwa ikipanda tena. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002. Wanafunzi nchini wakavuka milioni saba ndani ya miaka michache. Kuanzia Januari 2016 michango nayo ikaondolewa chini ya elimu bila malipo. Temeke ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizohisi mshindo huo zaidi. Sensa ya 2012 iliihesabu kuwa na watu 1,368,881, Kigamboni ikiwemo. Mwaka 2022, Kigamboni ikiwa wilaya yake yenyewe yenye watu 317,902, Temeke iliyobaki ilikuwa na watu 1,346,674. Kwa maneno mengine, ilikatwa sehemu kubwa ya ardhi yake na bado idadi ya watu ikarudi karibu palepale. Shule ya Msingi Majimatitu, Mbagala, ilitajwa mara kwa mara kwenye vyombo vya habari kwa kuwa na maelfu ya wanafunzi.

Dawa ya haraka ilikuwa zamu. Kundi moja linasoma asubuhi, jingine mchana, chumba kilekile, madawati yaleyale, ubao uleule. Hapo kanuni ya kufuta ikabadilika kwa mara ya tatu. Chuoni iliamuliwa na kumbukumbu ya mtoto, kwenye sleti na jicho la mwalimu, kwenye ubao wa kunukuu na kasi ya darasa. Kwenye shule ya zamu iliamuliwa na kengele. Zoezi lililobaki nusu haliwezi kusubiri kesho, kwa sababu ubao una mwenyewe mwingine kuanzia mchana. Hata ukuta umekuwa na wenyewe wawili: chati ya darasa la tatu inatazamwa nusu siku na watoto wa darasa la kwanza. Walimu wengi walirudi kwenye mfuko wa salfeti kwa sababu hiyo. Unatundikwa zamu ikianza, unakunjwa zamu ikiisha.

Huko kwingine jijini ubao mweupe ulikuwa umeingia. Shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza ziliongezeka baada ya milango ya uwekezaji kufunguliwa katika miaka ya 1990, na kalamu ya ubao mweupe ikachukua nafasi ya chaki katika nyingi kati yao. Wino wake una kilainishi kinachouzuia kushikana na uso, kwa hiyo kitambaa kikavu kinatosha. Ule wa dirishani unataka kitambaa kibichi. Kalamu zote mbili zina kasoro ambayo chaki haina: zinakauka. Kipande cha chaki kilichovunjika vipande vitatu kinaandika mara tatu. Kalamu iliyosahaulika wazi usiku mmoja ni takataka asubuhi. Mhasibu wa shule yenye madarasa ya watoto mia moja analijua hilo kabla ya mwalimu.

Na sasa kioo kinakuja. Mwaka 2021 serikali ilitenga sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Baadhi ya madarasa yaliyojengwa nchini tangu wakati huo yana sakafu ya vigae na madirisha ya aluminiamu yenye kioo cha kuteleza. Mwalimu aliyehamia chumba cha namna hiyo ana kitu ambacho watangulizi wake wa Mbagala na Yombo hawakuwa nacho, uso wa tano au wa sita katika mlolongo huu. Anaweza kuandika silabi kioo cha kushoto na kuitelezesha hadi karibu na silabi ya kioo cha kulia, "ba" ikasogea kando ya "ta", watoto wakasoma "bata". Upepo akiuhitaji, anafungua dirisha na neno linafunguka nalo.

Kwa sasa, saa sita na nusu mchana, katika shule ya zamu, kazi bado ni ya dasta. Kiranja anasimama kwenye stuli na kuanza kufuta kutoka juu. Nje, zamu ya mchana imejipanga mstari ukutani, mikoba mgongoni, ikisubiri. Katika shule nyingi, kona ya juu ya ubao ina jedwali dogo lililochorwa kwa rangi ya mafuta, lenye mistari isiyoondoka: wavulana, wasichana, jumla. Kiranja hulipita jedwali hilo kwa uangalifu, akifuta tarakimu za chaki zilizo ndani yake na kuacha visanduku vitatu vitupu, kisha anashuka na kumkabidhi dasta mwenzake wa mchana mlangoni.